Makinda Kwenye Kofia ya Cheche

Wiki ile Cheche alimvunja pua fundi bomba wa nyumba ya pili, na kosa la fundi bomba lilikuwa paka wake. Paka mwenyewe hakula ndege wala hakugusa ndege. Alikaa tu juu ya ukuta akawatazama chiriku wa Cheche, kama mtu mwenye njaa anavyotazama nyama ya jirani ikichomwa. Cheche akatoka na kipande cha nondo, paka akaruka, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshanyanyuka na mwenye paka alikuwa karibu, basi tena. Mkono wa Cheche ukinyanyuka haurudi mtupu. Fundi bomba alishinda siku kadhaa na pamba puani, akiongea kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba amejigonga.

Walijigonga wengi mtaani pale.

Jina la Cheche alilipata karakanani, kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma. Nyumbani lilimkaa kwa sababu nyingine. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake iko sebuleni karibu na dirisha, na alama za jina hilo alikuwa nazo mkononi, ubavuni na juu ya nyusi. Binti yao, msichana wa sekondari, alikuwa na alama moja tu, nayo haikuonekana kwa macho: sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilikufa kwa kofi moja, mwaka uliopita, kwa sababu mchuzi ulikosa chumvi. Tangu siku hiyo ukimwita kutoka kushoto unazungumza na ukuta.

"Mkono wake mwepesi tu," alikuwa akisema mama mkwe, ajuza aliyelala chumba cha nyuma na kuamkia magoti yake yanayouma. "Unamtangulia. Moyoni hana ubaya."

"Mkono ukitangulia hivyo, mama," mshonaji alimjibu siku moja, "mwenyewe akifika anakuta nini?"

Ajuza alijifanya anatafuta miwani yake.

Asubuhi tunayoizungumzia, mkono ulitangulia kwenye chai. Chai ilikuwa ya moto, kama ilivyo tabia ya chai, lakini Cheche aliiona ni njama.

"Unataka niungue ulimi, niongee na wateja kwa ishara?"

Kikombe kikaruka, kikampita mkewe, kikapasukia ukutani. Chai yenyewe haikupotea njia, ilimshukia shingoni na begani. Hakupiga kelele, maana alishajifunza kwamba kwa mtu yule kelele ni mafuta ya taa. Alichukua tambara akapangusa ukuta kwanza, shingo baadaye.

Cheche alikuwa ameshatoka uani. Sauti yake ikaingia dirishani, laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Hamjambo, wazee wangu? Mmelala salama? Nani kamdonoa mwenzake hapa? Acheni ugomvi, nyie ni ndugu."

Mshonaji alisikiliza huku chai ikimchuruzika mgongoni. Miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuulizwa kama amelala salama.

Kizimba cha ndege kilikuwa imara kuliko nyumba ya watu. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa kitasa kilichofungwa kwa kamba, lakini kizimba Cheche alikichomelea mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma ya ua, kwa nondo nene kama kidole gumba na wavu ambao panya angepita tu akiwa ametoka kuugua. Mtu mzima alisimama ndani wima. Majirani walinong'onezana kwamba Cheche akifa azikwe humohumo, maana hata shetani akija kumchukua itabidi akaazime msumeno.

Humo waliishi chiriku madume matupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. "Jike akiingia tu," Cheche alipenda kuwaeleza wenzake karakanani, "dume anaacha kuimba, anaanza kubeba manyasi. Ameharibika. Mnaniona mimi, nilivyooa mmenisikia nikiimba tena?" Wote walicheka, kwa sababu kutocheka kulikuwa na maumivu yake.

Sheria ya pili ilihusu mlango, na aliitangaza mezani mbele ya familia nzima. Mkono utakaouacha mlango ule wazi, atauvunja. Hakusema atauchapa. Alisema atauvunja, kisha akaomba asogezewe maji ya kunywa.

Na binti aliuacha wazi. Aliingia kubadilisha maji, akausukuma mlango kwa kisigino kama siku zote, nao haukushika. Mtu mwenye masikio mawili angesikia bawaba zikilia nyuma yake. Yeye aliona tu kitu chekundu kikimpita usoni, na dume bingwa, yule ambaye akiimba hata wenye kugombana wanapumzika kidogo, akawa juu ya paa la fundi bomba, kisha juu ya nguzo ya umeme, kisha hayupo.

Hayo yalikuwa ya miezi miwili nyuma. Mshonaji alikimbia sokoni na viatu vya ndani, akarudi na chiriku mwingine kwenye mfuko wa karatasi. Muuza ndege alikuwa na huyo mmoja tu, mwenye kifua cha rangi ya vumbi. "Ni dume, mama, naapa kwa aliyenizaa. Bado mchanga. Atakolea tu." Mshonaji hakuwa na muda wa kungoja akolee. Binti alimshika yule ndege mabawa, mama akachukua rangi nyekundu ya vitambaa, akampaka kifuani kwa pamba, tone kwa tone, kama anavyofufua gauni lililochujuka. Jioni ile Cheche aliingia kizimbani, akawatazama ndege wake kwa muda mrefu, akatoka, akala, akalala. Wanawake wale hawakulala.

Tangu hapo, kila rangi ilipofifia, ndege alikamatwa akapigwa rangi upya. Madume nao wakaanza kupigana hadi manyoya yakawa yanaelea uani. Cheche alisema ni joto.

Asubuhi ile ya chai, Cheche alipokwisha kwenda kazini, mshonaji aliingia kizimbani na ndoo ya maji, bega likimwaka. Akasikia mlio. Haukuwa wimbo. Ulikuwa kama mkasi wenye kutu unaofunguliwa na kufungwa kwa haraka, na ulitoka juu kabisa kwenye kona, mahali Cheche alipotundika kofia yake kuukuu ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima, ili izibe tundu la mvua. Kofia ilikuwa imeelekezewa ukuta mwaka mzima, hakuna aliyeishughulikia. Mshonaji akaipindua ndoo, akapanda juu yake, akaigeuza kofia kidogo.

Kwenye kidirisha kilichovunjika kioo, pale macho ya Cheche yalipozoea kuchungulia moto, palikuwa na midomo minne imeachama.

Aliteremka vibaya karibu aanguke. Kinda mmoja, sijui kwa hofu au kwa kiherehere, akajitupa kutoka kwenye kofia, akapigapiga mabawa kama mtu anayetafuta ngazi gizani, akatua kwenye bega lake lililoungua. Alikuwa ameshaota manyoya. Mkia ulikuwa mfupi kama kijiti cha kiberiti, na pembeni mwa mdomo bado kulikuwa na ule unjano wa utoto. Akamtazama mshonaji, akaachama, akadai chakula kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Mungu wangu," mshonaji akasema. "Dume limezaa."

Binti alikuwa jikoni anamenya viazi, shule zikiwa zimefungwa. Mama yake alimwendea upande wa kulia, kwenye sikio zima.

"Yule ndege ni jike. Ana makinda wanne, wanapiga kelele kama wanadi wa mnada."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Binti aliuchomoa mkono wake wa kulia kutoka kwenye beseni akaubana kwapani, kama vile tayari unatafutwa.

"Baba akija atawasikia kabla hajavua viatu," akasema.

"Hatawakuta."

"Utawapeleka wapi, mama? Hawajui hata kula wenyewe."

Kabla hajajibiwa, mlango ukabishwa. Alikuwa mke wa mwenye duka la dawa, mteja, amefuata gauni lake la harusi ya mdogo wake. Alilipima mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku, akasema mkono mmoja umembana, kisha macho yake yakatua kwenye shingo ya mshonaji, pale ngozi ilipoanza kuvimba.

"Jamani shoga, umeanguka tena? Hizi ngazi zenu zitakumaliza."

Nyumba haikuwa na ngazi hata moja, na mteja alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Zinateleza," mshonaji akasema, akipiga magoti kupima mkono uliombana.

"Mimi ningeshahama kwenye nyumba yenye ngazi hizo." Mteja akatega sikio. "Na hiyo sauti ya uani? Mmepata vifaranga?"

"Ndege tu."

"Ndege wachanga hao! Mimi nimekulia kwenye kuku, unanidanganya mimi? Hongereni. Nikipita karakanani nitampa baba mwenye nyumba hongera yake, labda leo atacheka." Akakunja gauni lake, akaondoka na manukato yake, na akaelekea hasa upande wa karakana.

Mshonaji alibaki amepiga magoti na pini mdomoni. Alipoinuka, aliinuka na ndoo.

Aliwachukua makinda wote wanne kwenye aproni yake, akaiweka ndoo iliyojaa maji katikati ya ua. Jike lilikuwa linajirusha kwenye wavu, kifua chake chekundu cha uongo kikitweta. Mshonaji akamshika kinda wa kwanza, yule wa begani, akamzamisha.

"Mama!" Binti alikuja mbio, kiazi bado kipo mkononi. "Mama, acha, ni watoto!"

"Wewe ndiye mtoto! Hawa ni ushahidi!"

"Hawajafanya kitu!"

"Na wewe ulifanya nini? Mchuzi ulikuwa na kosa gani? Toka hapa!"

Binti hakutoka. Aliuvamia ule mkono uliomo majini, akauuma kifundoni. Aliuma kweli, si kwa kuogofya, hadi meno yakapita ngozi na maji yakaanza kupata rangi. Mshonaji akapiga ukelele, mkono ukaachia, kinda akatupwa sakafuni kama kipande cha uzi kilicholowa. Na mkono mwingine, ule mzima, ukanyanyuka.

Ukanyanyuka juu, upande wa kulia wa binti.

Binti hakukinga uso wala hakurudi nyuma. Aligeuza kichwa tu, haraka, kwa uzoefu, kama mtu anayebadilisha bega la mzigo, akamletea mama yake sikio la kushoto. Lile lililokwisha kufa.

Mkono wa mshonaji ulibaki juu, hauna pa kwenda. Aliuona kutoka chini, vidole vimetandazwa, kiganja kimekakamaa, na akaujua ni wa nani. Akaushusha taratibu kwa kuushika na mkono mwingine unaotoka damu.

"Umeuzuia," sauti ikasema.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu. Hakuna aliyejua amekuwapo hapo tangu lini.

"Mama, sikumpiga," mshonaji akasema kama mtoto.

"Nimeona hukumpiga. Ndicho ninachosema. Umefika katikati ukauzuia." Ajuza aliutazama mkono ule jinsi mtu anavyotazama chombo asichowahi kukiona. Kisha akainama kwa shida, akamwokota kinda aliyelowa, akampa binti. "Huyu bado yuko hai. Usimkaushe kwa jua, atakufa. Kuna pasi imewashwa?"

Pasi ya mkaa ilikuwa imewashwa kwa ajili ya nguo za wateja. Walimfunga kinda kwenye kitambaa cha sufu, wakamweka karibu na pasi, si karibu mno, hadi akaanza kutetemeka, na kutetemeka kukageuka kulia njaa. Hapakuwa na la kufanya ila kuwarudisha wote kizimbani, maana mwenye kujua kuwalisha alikuwa mama yao peke yake.

"Sasa baba akija?" binti akauliza.

"Akija nitamwambia ni mimi," mshonaji akasema. "Mlango niliuacha mimi. Wewe kaa ndani, hata ukisikia nini usitoke. Umenisikia?"

"Nimekusikia," binti akasema, na hakusema kama atatii.

Cheche alirudi jua likiwa bado juu, mapema kuliko siku zote, akitabasamu. Tabasamu lile liliwatisha kuliko nondo.

"Nimepewa hongera barabarani," akasema, akiwapita. "Mke wa mwenye duka la dawa. Ananiambia nimekuwa baba, mimi mwenyewe sina habari. Twende tukaone."

Komeo la kizimba lilikuwa nje tu. Cheche aliliweka hivyo makusudi, kwa kuwa hakutaka ndege wajifunze kulichezea, na ndiyo maana kila jioni akiingia kukagua, kazi ya mkewe ilikuwa kumfungia kwa nyuma na kusimama pale kama askari mpaka agonge chuma kwa kidole. Aliingia. Mshonaji akafunga komeo, akasimama.

Makinda walikuwa wameshuka wote kutoka kwenye kofia, wanarukaruka sakafuni na kugongana. Cheche alipiga magoti. Akafungua kiganja chake chenye makovu ya moto, na kinda mmoja, hajui lolote la dunia, akapanda juu yake.

"Njoo, baba," Cheche akasema. "Njoo usiogope. Nani atakugusa na mimi nipo? Mmejificha kwenye kofia yangu, wajanja nyie. Sikuwapa kiota, nikajua hawatataga, kumbe wamejenga kwenye uso wangu!" Akacheka, machozi yakamlenga. "Tazama huyu. Ameninyea. Ndiyo, ninyee tu, baba, hii ni nyumba yako."

Mshonaji akasogea karibu na nondo. "Mume wangu," akasema. "Nina la kukwambia. Yule dume wako alitoroka. Mlango niliuacha wazi mimi. Huyu jike nilimleta mimi, nikampaka rangi."

Cheche hakuinua macho kutoka kwa kinda. "Usiseme uongo mbele ya watoto, utawaharibia tabia. Wewe hujawahi kuacha kitu wazi maisha yako yote. Ni yule binti yako."

"Umejuaje..."

"Nilijua jioni ileile. Ndege wangu nimjue kwa rangi? Wewe unamjua mwanao kwa gauni?" Alikuwa akiongea kwa sauti ya kubembeleza, asimshtue aliyemo kiganjani. "Halafu unampaka upya, unafikiri sioni! Nilikuwa nikicheka peke yangu karakanani. Mke wangu anampaka ndege vipodozi."

"Ulijua miezi miwili. Ukanyamaza."

"Kwa nini niseme? Nyumba imekuwa na adabu ya ajabu. Mnatembea kwa ncha za vidole. Nikikohoa, mnasimama. Ningempiga siku ile, yangeisha siku ile, kesho yake mngesahau. Kofi halichachi, mama. Likiwekwa linazidi kukolea." Akamshusha kinda taratibu, akampanguza kwa kidole. "Sasa nikitoka hapa umwite aulete ule mkono. Nilishasema nitauvunja, na mimi si mtu wa maneno matupu."

Akagonga chuma kwa kidole. "Fungua."

Mshonaji alilitazama komeo. Jioni ngapi ameshika chuma kile, na hajawahi kuona ni nini anachokishika. Kila jioni mtu huyu hujiingiza mwenyewe mahali pasipotokeka, akamwachia yeye. Pembeni kulikuwa na kufuli, la kutumika wakisafiri, linaning'inia wazi na ufunguo wake. Akalipitisha kwenye komeo, akalibana. Likalia.

"Hicho nini?" Cheche akauliza.

"Nimefunga."

Kwanza alicheka. Halafu aliruka na kuupiga mlango kwa bega lake lote, ua mzima ukatikisika, makinda wakatawanyika wakilia, madume wakagonga dari. Akautukana ukoo wake wote, walio hai na waliozikwa. Akapiga mateke. Mshonaji alirudi nyuma, lakini hakurudi vya kutosha: mkono wa Cheche ulitoka kwenye tundu la kupitishia chakula, ukamdaka ukosi wa gauni, ukamvuta. Uso wake ukagonga nondo. Akamrudisha nyuma, akamvuta tena. Nyusi ikapasuka, damu ikamziba jicho. Mara ya tatu hakusikia maumivu tena, alisikia tu chuma kikilia ndani ya kichwa.

Hakumwona binti akija. Aliona pasi. Ilipita karibu na shavu lake, nyekundu kwenye vitundu vya pembeni, ikatua mgongoni mwa mkono ule na kukaa hapo. Ikachoma. Harufu ya nyama ikapanda. Binti alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, anasukuma, macho ameyafumba, analia kwa sauti asiyoisikia vizuri mwenyewe.

Cheche alinguruma, mkono ukaachia, ukarudi ndani. Akayumba kinyumenyume hatua kubwa, kisigino cha kiatu chake cha kazi kikatafuta sakafu, kikatua.

Kulikuwa na sauti ndogo. Kama ganda la karanga.

Cheche alinyanyua mguu, akatazama. Kisha akataka kuuweka chini mahali pengine, na hapo palikuwa na kinda. Na pengine, na hapo palikuwa na mwingine, amejikunyata kando ya kiatu akidhani ni jiwe la kujificha. Cheche akasimama kwa mguu mmoja katikati ya kizimba chake, ameshika hewa.

Hasira ilikuwa bado imo. Ilionekana ikipanda shingoni kama maji kwenye bomba. Mkono wake wenye malengelenge ukanyanyuka kuupiga wavu, ukafika nusu ya safari, ukasimama. Makinda wale watatu walikuwa chini yake. Ukasimama pale, kisha ukashuka polepole, kidole kwa kidole, bila kutikisa hata waya mmoja.

Mshonaji aliona kwa jicho moja lililobaki wazi. Alikuwa amevumilia kikombe, nondo, mkanda na kofi la mwanawe, akijiambia mtu huyu hana breki, ndivyo alivyoumbwa, utafanyaje. Na sasa hapa alikuwa anauzuia mkono wake kama fundi anavyozuia mashine, kwa ajili ya kitu kisichozidi uzito wa kitufe. Chai haikuwa imemuuma hivi. Akaligeuzia komeo mgongo.

"Fungua," Cheche akanong'ona. "Fungua taratibu, utawashtua."

"Kafunge kichwa cha cherehani kwenye shuka," mshonaji akamwambia binti. "Na nguo zako. Na mkasi mkubwa."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Baadaye tutaona."

Walifungasha bila kukimbia. Kila walipopita mlangoni kuelekea uani sauti ya Cheche iliwafuata, nyororo, ya chinichini, asiwatie hofu watoto. "Nitawapata tu. Nitakuvunja miguu, mke wangu. Na wewe, mwanangu, mikono yote miwili. Mnanisikia? Nitaichoma nyumba ya dada yako mkiwamo." Asiyejua lugha yao angedhani baba anaimbia mtu alale.

Mama mkwe alikuwa ametoka na kigoda. Alikuja nacho hatua kwa hatua hadi mbele ya kizimba, akakiweka, akajaribu kama kimekaa sawa.

"Mama, twende," mshonaji akamwambia. Alikuwa amejifunga kitambaa kwenye nyusi na amebeba kichwa cha cherehani kichwani. Uso wake ulikuwa umevimba hata sauti ilitoka upande mmoja. "Hatuwezi kukuacha naye."

"Niende wapi na magoti haya? Nendeni. Nipe ufunguo."

Mshonaji aliushika ufunguo asiutoe. "Utamfungulia?"

"Nitamfungulia. Nimemzaa, simwachi aoze humu." Ajuza akanyoosha mkono mpaka akapewa, akautia ufunguo kifuani, akashusha nguo yake vizuri. "Lakini si sasa hivi. Kwanza mfike mnakokwenda, tena mfike mbali. Halafu nina mazungumzo naye. Tangu aote ndevu, kila nikifungua mdomo anasimama anaondoka."

"Mama," Cheche akanong'ona, mguu bado uko juu. "Mama, nakuomba. Mkono unaniuma."

"Najua unauma. Shusha mguu. Taratibu, kushoto, hapo hapana mtu. Hivyo." Ajuza akaketi kwenye kigoda, akaipanga fimbo yake magotini. "Haya, tulia."

Geti la ua lilikuwa limeshafungwa nyuma ya wanawake wawili, na bado walimsikia Cheche, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na aibu, akisema hawezi kukaa chini, atawalalia watoto.

"Basi sikiliza ukiwa umesimama," mama yake akamjibu.